Ziwa dogo la trauti lililozungukwa na mashamba ya watu: njia halali ya kulifikia hutafutwaje?

MshipiMrefu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo nimekaa nalo kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa humu wamo wavuvi wa miaka mingi pamoja na watu wanaoelewa mambo ya ardhi, naomba nilieleze kwa kirefu ili anayejibu awe na picha kamili.

Kuna ziwa dogo la milimani ambalo nililiona kwanza katika picha za setilaiti, kisha nikaliona kwa macho yangu nikiwa juu ya kilima kinachotazamana nalo. Kwa makadirio yangu lina ukubwa wa hekta 6 hivi. Upande wa juu kuna kijito kinachoingia, na upande wa chini maji hutoka kwa mfereji mwembamba. Jioni ile niliyokaa kilimani, jua lilipoanza kushuka, niliona viduara vikitanda juu ya maji pale samaki walipokuwa wakinyakua wadudu, na mtu yeyote aliyewahi kuvua trauti asingekuwa na shaka kuhusu aliye chini ya viduara vile. Kwa hiyo samaki wapo. Kinachonishinda ni kuwafikia.

Ziwa lote limezungukwa na mashamba ya watu binafsi. Ramani niliyo nayo, ya kipimo cha 1:50,000, inaonyesha njia ya gari inayochepuka kutoka barabara kuu na kuishia karibu kabisa na maji. Nilipoifuata nilikuta lango la chuma lenye kufuli, na hapakuwa na kibao chochote cha kueleza kama njia ile ni ya umma au ni ya mwenye shamba. Sikuruka lango. Nilirudi nilikotoka, na tangu siku hiyo nimepewa ushauri wa aina mbili unaopingana: mvuvi mmoja aliniambia kwamba maji ni ya watu wote na hivyo hakuna awezaye kunizuia, na mwingine akaniambia kwamba anayemiliki ardhi pande zote za ziwa analimiliki na ziwa lenyewe, samaki wake wakiwemo.

Ninayo leseni halali ya uvuvi. Nia yangu ni kuvua kwa fimbo nikiwa ukingoni, na pengine siku moja kuingia na mashua ndogo ya kujaza upepo. Sitaki kuvua kwa kuiba, na sitaki kuishi kwa kukisia. Mtu aliye mahali nilipo aanzie wapi, na apitie nyaraka zipi, ili ajue kwa hakika kama kuna njia ya umma ya kulifikia ziwa la namna hii?

KandoYaMaji alijibu:

Ndugu MshipiMrefu, umefanya vyema kutoruka lango. Niseme jambo moja tu kabla wenye ujuzi zaidi hawajafika. Leseni ya uvuvi inakuruhusu kumtoa samaki majini kwa njia, msimu na idadi iliyowekwa, na hapo ndipo nguvu yake inapoishia. Haikupi haki ya kukanyaga ardhi ya mtu ili uyafikie maji hayo. Nimewaona wavuvi wazuri, watu wenye heshima zao, wakimwonyesha mwenye shamba leseni kana kwamba ni funguo, na ugomvi ukaanzia hapo hapo.

Washauri wako wawili wanaweza kuwa wamekosea wote, au kila mmoja kapatia nusu. Tenganisha maswali: maji na sakafu ya ziwa ni vya nani, haki ya kuvua ni ya nani, na ardhi ya kupita mpaka kwenye maji ni ya nani. Majibu yanaweza kuwa matatu tofauti kwa ziwa moja.

MpimajiMstaafu alijibu:

Nimesoma swali lako kwa furaha, kwa sababu nimefanya kazi ya upimaji wa ardhi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na swali la aina hii lilikuwa likiletwa mezani kwangu mara kwa mara, mara nyingi likiletwa na watu waliokwisha kugombana. Wewe umeuliza kabla ya ugomvi.

Mchango wa KandoYaMaji kuhusu maswali matatu ndio msingi wa yote, nami naomba niuongezee mifano, kwa sababu sheria za nchi zinatofautiana sana na ni hatari kuchukua kanuni ya mahali pamoja na kuitumia pengine. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ipo amri ya enzi za ukoloni ya mwaka 1641, iliyopanuliwa mwaka 1647, ambayo hadi leo inayafanya maziwa ya asili yenye ekari 10 au zaidi, yaani hekta 4 hivi, kuwa ya umma, na inamruhusu mtu kupita kwa miguu katika ardhi isiyoendelezwa ili ayafikie, mradi asiharibu mazao wala malisho. Jimbo la Maine lina kanuni ya jamaa hiyohiyo. Ziwa lako, kwa ukubwa huo uliotaja, lingekuwa na sifa. Ukivuka bahari kwenda Uskoti unakuta hali iliyo karibu kuwa kinyume chake: sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inawapa watu haki pana ya kutembea katika mashamba na kupita juu ya maji ya ndani, lakini inasema wazi kwamba haki hiyo haihusu uvuvi. Huko ungeweza kulizunguka ziwa lako mchana kutwa bila kuulizwa, ila ukitoa fimbo tu umekwisha kuvuka mpaka. Uswidi nayo inasifika kwa uhuru wa kutembea popote, na uhuru huo umo katika katiba yao tangu 1994, lakini kuvua bila kibali cha wenye maji kunaruhusiwa katika sehemu kubwa ya pwani na katika maziwa makubwa matano tu, ambayo ni Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön. Kwa kaziwa kadogo kama kako, wangekutaka ununue kadi ya uvuvi ya eneo hilo.

Kuna pia nchi ambako ziwa ni la umma kwa maandishi makubwa kabisa, na bado njia haipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 62, inayaweka maziwa na mito katika orodha ya ardhi ya umma. Hilo linajibu swali la kwanza. Halimpi mvuvi njia ya kukatiza shamba la mtu. Ziwa la umma lililozungukwa pande zote na ardhi ya watu ni kama kisima cha kijiji kilichomo ndani ya ua wa jirani.

Sasa nije kwenye lango lako. Alama ya njia katika ramani ya 1:50,000 inakuambia kwamba siku picha za anga zilipopigwa, ardhini palikuwa na njia. Haikuambii njia ni ya nani. Wachora ramani wa serikali ya Uingereza wamelijua tatizo hili kiasi kwamba huandika katika maelezo ya ramani zao kuwa kuonyeshwa kwa njia si ushahidi wa haki ya kupita. Kwa hiyo iweke pembeni ramani hiyo. Unachokihitaji ni ramani ya upimaji wa viwanja na mashamba, ile inayoonyesha mipaka, namba za vipande na alama za mipaka, nayo huipati katika duka la vitabu bali katika ofisi ya ardhi au ya upimaji ya eneo husika. Siku hizi baadhi ya nchi zimeziweka katika intaneti. New Zealand, kwa mfano, kupitia tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ina ramani inayoonyesha kanda za ardhi ambamo umma unaruhusiwa kutembea.

Ukishaipata ramani hiyo, usianze kwa kuangalia mashamba. Angalia nafasi zilizo katikati yake. Kazi yetu ya upimaji huacha mabaki mengi ambayo macho ya kawaida hayayaoni: barabara iliyotengwa katika karatasi lakini haikuwahi kulimwa, ukanda mwembamba uliobaki baina ya mashamba mawili, kipande cha pembetatu karibu na daraja, njia ya mifugo kwenda kunywa maji. Shamba kubwa lililokuwa na ziwa likigawanywa, sheria za mahali pengi humlazimisha anayegawa kuacha njia ya umma mpaka majini. Katika jimbo la Wisconsin kanuni hiyo ni bayana: panapokatwa viwanja kando ya ziwa linalopitika kwa chombo, hutakiwa kuachwa njia zenye upana wa futi 60, takribani mita 18, na nafasi kati ya njia moja na nyingine kwa kawaida isizidi nusu maili. Njia hizo nyingi zimemezwa na vichaka, na jirani aliyezipanda majani na kuweka viti vyake anaamini kwa dhati kwamba ni zake. New Zealand tena wanao ukanda wa mita 20 hivi kando ya maziwa na mito mingi, uliotengwa tangu zamani wakati ardhi ilipokuwa ikigawiwa, ingawa haukutengwa kila mahali na una mapengo yanayomshangaza mgeni.

Kwa hiyo, tafuta mchoro wa kwanza kabisa wa mgawanyo wa eneo lile, hata kama ni wa miaka mingi iliyopita. Ya karibuni hunakili ya zamani, na katika kunakili mambo madogo hupotea. Kisha omba kuona sajili ya kila shamba linalopakana na maji, hasa sehemu inayoeleza haki za watu wengine juu ya shamba hilo. Hapo ndipo haki ya kupita huandikwa, na hapo ndipo pia utakapoona kama haki ya uvuvi iliuzwa kando na ardhi, jambo linalowezekana kabisa Uingereza na kwingineko, ambako mtu anaweza kumiliki ukingo bila kumiliki haki ya kuvua mbele yake.

Mwisho wa yote, uliza barabara ile ya kuchepuka inatunzwa na nani. Kama halmashauri au mamlaka ya barabara huitengeneza kwa fedha za umma hadi langoni, au hata ng'ambo ya lango, kumbukumbu za matengenezo ni ushahidi wenye uzito. Kama haijawahi kuigusa, umepata dalili ya upande wa pili. Lango lenyewe si ushahidi wa chochote. Nimeona malango ya halali juu ya njia za umma, yakiwekwa kuzuia ng'ombe, na nimeona njia za watu binafsi zilizo wazi miaka arobaini.

NziWaManyoya alijibu:

Mzee MpimajiMstaafu ameeleza upande wa ardhi kwa namna ambayo sitathubutu kuigusa. Mimi nitaanzia majini, kwa kuwa katika uzoefu wangu wa kutafuta maziwa ya aina hii, samaki mwenyewe ndiye aliyenionyesha njia mara nyingi kuliko ramani.

Jiulize trauti wale walifikaje pale. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito na maziwa yanayopakana na Pasifiki ya Kaskazini, Amerika na Kamchatka, na trauti wa kahawia ametoka Ulaya na pande za jirani zake. Kwingine kote duniani walipelekwa na binadamu. Aidha, trauti hutaga katika changarawe ambayo maji yanapita katikati yake, kwa sababu mayai yanahitaji oksijeni inayoletwa na mkondo, na ndiyo maana kaziwa kasicho na kijito cha changarawe hakawezi kujizalishia trauti vizazi kwa vizazi. Ukikuta trauti humo, mtu amewapandikiza, na huenda anarudia kila mwaka au kila baada ya miaka michache. Lako lina kijito, kwa hiyo uwezekano wa kuzaliana upo, lakini bado hata wale wa kwanza waliletwa na mtu, isipokuwa uwe umo katika nchi zao za asili.

Sasa, aliyewaleta ni nani? Hapa ndipo penye thamani. Kama ni idara ya uvuvi, basi ipo kumbukumbu inayosema tarehe, jina la ziwa, aina ya samaki, urefu na idadi ya vifaranga, na mara nyingi mahali gari la vifaranga lilipoegeshwa. Idara nyingi zina kanuni ya kutotumia fedha za leseni kupandikiza samaki mahali ambapo mwenye leseni hawezi kufika. Ziwa likiwemo katika orodha ya kupandikizwa, ama ipo njia ya umma, ama yapo makubaliano ya maandishi na mwenye ardhi. Hata hilo la pili litakusaidia, kwa sababu makubaliano huwa na masharti: saa za kuingia, marufuku ya moto, idadi ya watu, pengine namba ya siri ya lango ambayo hutolewa kwa anayeomba. Nimewahi kuzunguka mwaka mzima nikitafuta njia ya ziwa moja, na kumbe kibali chake kilikuwa kikitolewa bure ofisini kwa yeyote aliyeuliza, ila hapakuwa na tangazo popote.

Kama waliowaleta ni wenye mashamba kwa fedha zao, picha inabadilika. Katika nchi kadhaa samaki aliyewekwa katika bwawa lililofungwa ni mali ya aliyemweka, na kumvua bila ruhusa ni wizi, si kosa la uvuvi. Ziwa lenye mto unaoingia na kutoka kwa kawaida huwa na hukumu nyingine, lakini usilikisie hilo. Andika barua kwa idara ya uvuvi. Uliza maswali mawili tu: je, ziwa hili limewahi kupandikizwa na idara, na je, wavuvi wanaruhusiwa kuingia kupitia wapi? Taja viwianishi vya mahali, kwa maana vijiziwa vingi havina jina, au vina majina matatu.

Naomba niongeze neno kuhusu mashua yako ya upepo, kwa sababu wengi hudhani kwamba mtu akielea haguswi. Mahakama ya Juu ya jimbo la Colorado, Marekani, iliamua mwaka 1979 kwamba umma hauna haki ya kutumia maji yaliyo juu ya ardhi ya mtu kwa burudani bila ridhaa yake, hata kama mtu anaelea. Baadhi ya majimbo mengine ya magharibi yamekwenda upande mwingine. Montana, kwa sheria yake ya 1985, inawaruhusu watu kutumia mito na vijito hadi alama ya kawaida ya maji ya juu, ila sheria hiyo haihusu maziwa, na wavuvi wageni huinukuu ziwani wakaaibika. Mashua pia huleta suala la uchafuzi. Vimelea vya ugonjwa wa kizunguzungu wa trauti, na mwani ule mzito uliogunduliwa katika mito ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand mwaka 2004, vinaweza kusafiri katika vifaa vyenye unyevu, na wapo wenye ardhi waliofunga malango yao kwa sababu hiyo tu. Ukienda kuzungumza nao, waambie kwamba husafisha na kukausha vifaa vyako kabla ya kuhama maji. Wanajali.

MshipiMrefu aliandika:

Nawashukuru sana, hasa wewe mzee MpimajiMstaafu na NziWaManyoya, kwa kunipa muda wenu. Nimekwisha kuandika barua kwa idara ya uvuvi na nimeomba kuonana na ofisa wa sajili ya ardhi.

Nina jambo moja limenitatiza. Bibi mmoja anayeishi karibu na barabara kuu aliniambia kwamba tangu utoto wake watu walikuwa wakipita njia ile kwenda ziwani, na kwamba lango liliwekwa miaka ya karibuni baada ya shamba kuuzwa. Je, matumizi hayo ya zamani yana maana yoyote? Na je, kabla nyaraka hazijajibu, nikamwone mwenye shamba na kumwomba ruhusa, au kumwendea mapema kutaniharibia?

WakiliWaWanyonge alijibu:

Swali lako la pili limefungamana na la kwanza kuliko unavyodhani, kwa hiyo nitayajibu pamoja.

Nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria za Kiingereza hutambua kwamba njia iliyotumiwa na umma kwa muda mrefu inaweza kuwa njia ya umma hata kama hakuna aliyeitangaza. Katika Uingereza na Wales, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inataja miaka 20 ya matumizi yasiyokatika, isipokuwa kama mwenye ardhi alionyesha kwamba hakukusudia kuitoa njia hiyo, kwa mfano kwa kuweka kibao. Matumizi yenyewe yana sharti la kale: yasiwe ya nguvu, yasiwe ya siri, na yasiwe ya ruhusa. Sharti hilo la tatu ndilo huwashangaza watu. Kama kila aliyepita alikuwa akimwomba mwenye shamba wa zamani, na yeye akimkubalia kwa wema, basi miaka hiyo yote haijengi haki, kwa kuwa kilichokuwa kikitumika ni hisani yake. Kwa hiyo muulize bibi huyo kwa upole na kwa undani: walikuwa wakiomba? Walipita mchana kweupe? Walikuwa watu wa familia na vibarua wa shamba, au watu wa kila mahali? Kuliwahi kuwa na mnyororo hata siku moja kwa mwaka? Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, uyasome mbele yake, na umwombe aweke saini akiridhika. Mtu aliyeishi pale miaka yote hiyo ni shahidi ambaye hapatikani katika faili lolote, na mashahidi wa aina yake wanapungua.

Zingatia hata hivyo kwamba haki itakayopatikana kwa njia hii ni ya kupita. Haigeuki kuwa haki ya kuvua, wala ya kuegesha gari, wala ya kushusha mashua kutoka kwenye trela.

Kuhusu kumwona mwenye shamba, mimi ningeenda. Wewe kuomba ruhusa leo hakufuti matumizi ya watu wengine ya miaka iliyopita, mradi usitie saini karatasi inayosema kwamba njia haijawahi kuwa ya umma. Nenda mchana, bila fimbo mkononi. Jitambulishe, mweleze kwamba unafuatilia nyaraka ili ujue pa kupita, na umuulize yeye anaelewa nini kuhusu mpaka wake. Wengi wamenunua ardhi bila kuoneshwa alama za mipaka na wangependa kuzijua. Uliza pia kilichomfanya afunge lango. Mara nyingi kuna kisa: kuni zilizoibwa, ng'ombe aliyemeza mshipi wa nailoni, moto ulioachwa ukifuka. Ukikijua kisa hicho, utajua ni jambo gani unalopaswa kumhakikishia. Akikubali, omba ruhusa ya maandishi hata kama ni mistari miwili yenye tarehe, kwa ajili ya siku utakayomkuta kaka yake badala yake.

MpimajiMstaafu aliongeza:

Nakubaliana na WakiliWaWanyonge, ila nasisitiza: hata ukipata ukanda wa umma katika karatasi, usikate kichaka wala usivute uzio kabla alama za mipaka hazijaonyeshwa ardhini na mtu mwenye mamlaka. Programu ya simu inayokuonyesha nukta ya bluu juu ya mstari wa mpaka inaweza kukosea kwa mita 5 au zaidi chini ya miti. Kwenye ukanda wa mita 10, hiyo ni nusu ya upana.

MshipiMrefu aliandika:

Narudi na taarifa, kama nilivyoahidi.

Idara ya uvuvi imenijibu kwa barua. Ziwa lipo katika kumbukumbu zao, chini ya jina ambalo sikuwahi kulisikia, na lilipandikizwa trauti wa upinde wa mvua mara mbili, miaka mingi iliyopita. Tangu hapo hawajarudi, kwa maelezo kwamba samaki wanazaliana katika kijito. Uvuvi unaruhusiwa kwa mwenye leseni, isipokuwa ndani ya mita 50 za mdomo wa kijito katika msimu wa kutaga. Kuhusu mahali pa kuingilia, barua inasema tu "upande wa kaskazini".

Upande wa kaskazini! Lango langu liko kusini. Nilikwenda na barua hiyo ofisi ya ardhi, na ofisa aliyenihudumia alikuwa mvumilivu kuliko nilivyostahili. Tulianza na mchoro wa sasa, ambao hauonyeshi kitu. Tukarudi nyuma mchoro mmoja baada ya mwingine, mpaka ule wa kwanza wa mgawanyo, na hapo, baina ya vipande viwili vya kaskazini, ulikuwepo ukanda wa mita 12 unaotoka barabara ya vumbi hadi ukingo wa maji, umeandikwa kwa mkono kuwa ni njia ya kuchotea maji. Haujafutwa, haujauzwa, na unasomeka kwa jina la halmashauri. Katika mchoro wa sasa ulikuwa umechorwa kwa mstari mwembamba ambao wote wawili tulidhani ni mkunjo wa karatasi.

Njia ya kusini, ile yenye lango, ni ya mwenye shamba. Nilimwona. Alifunga baada ya ndama wake kunaswa na ndoana mdomoni, na akanionyesha kovu. Bibi naye, nilipomuuliza kwa utaratibu, alisema kwamba wazee wake walikuwa wakiomba kila mara, kwa hiyo upande ule sitadai chochote. Mwenye shamba hakujua kuhusu ukanda wa kaskazini, na alifurahi kusikia kwamba haumgusi.

Sijakata hata tawi moja. Halmashauri imekubali kumtuma mpimaji wake kuzionyesha alama nne za ukanda huo. Mbili ziko kando ya barabara na ameshaziona. Nyingine mbili ziko ndani ya matete, karibu sana na mdomo wa kijito, kwa hiyo kwanza tutapima mita 50 za marufuku kutoka hapo ili nijue ni upande gani wa ukanda ninaoweza kusimama na fimbo msimu utakapofika. Ameniambia nije na viatu vya mpira.